Fanta za Wageni wa Kabuga

Friji haikuwa yangu, lakini mimi ndiye niliyelala nayo. Ilikuwa ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, miguuni pa kitanda cha Mama, na karavani yenyewe ilikaa nyuma ya nyumba ya Mjomba Usumani, Kimisagara, imeng'ang'ania mteremko kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Mzungu mmoja wa kazi za barabara, ambaye Mjomba alikuwa dereva wake, aliiacha vita vilipoanza. Mjomba akaivuta hadi nyumbani. Baba alipofariki akatuweka humo mimi na Mama, dada yake, na kila aliyekuja kumsalimia Mjomba aliletwa kuiona: dirisha, meza ya kukunja, kisha mlango wa friji unaachwa wazi, watu wanaingiza mikono kusikia baridi.

"Ya gesi hii," Mjomba anasema. "Umeme ukikatika, mimi nacheka."

Aliyecheka ni yeye. Aliyeitunza ni mimi. Friji ya namna ile haina mota, ina moto mdogo wa buluu nyuma yake, na ikiinama upande inagoma. Niliweka sahani ya maji juu yake, nikasokomeza mawe chini ya magurudumu mpaka maji yakatulia sawasawa. Mvua ikinyesha udongo unateleza, naanza upya. Masizi niliyasugua kwa mswaki mzee. Watoto wa Mjomba walipoanika nguo juu ya matundu ya nje, pale joto linapotokea, niliziondoa, wakanitukana, nikaziondoa tena. Kitufe cha kuzungusha nilikiacha kwenye mbili. Usiku wa Kigali una baridi yake, ukizidisha hapo vitu vinaganda.

Yote hayo ni kwa ajili ya kichupa kimoja cha insulini. Mama alikuwa na sukari, na bila sindano ya asubuhi hasimami. Muuguzi wake, Gaudiose, alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia: "Swafiya, joto linaichosha dawa hii, lakini barafu inaiua. Ikiganda hata mara moja, tupa. Ikiyeyuka itakudanganya, itaonekana dawa na siyo dawa." Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita, dawa zilifika kwa kuchelewa, na kichupa kile ndicho pekee tulichokuwa nacho.

Basi Yasmina, binti wa Mjomba, akapata mchumba wa Kabuga. Jioni ya kuamkia siku ya kuposa, Mjomba aliingia karavani na kreti ya Fanta begani bila kubisha hodi.

"Mjomba, zote haziingii," nikasema. "Na vitu vya moto vikiingia pamoja, friji inashindwa."

"Friji ya nani?"

"Yako."

"Basi."

Mama akainua kichwa kitandani. "Usumani, dawa yangu iko humo."

"Dada, dawa yako ninailinda kama macho yangu."

Zilizoingia ziliingia, nyingine zikabaki chini ya meza. Niliangalia kitufe, kilikuwa kwenye mbili. Niliangalia boksi la dawa, lilikuwa mbele, mahali pake. Kisha Mjomba akaniita nyumba kubwa nikamenye vitunguu vya pilau, nikalazwa huko huko jikoni na wanawake wengine.

Asubuhi nilikwenda kumchoma Mama sindano. Kabla sijafungua mlango wa friji niliona kitufe kimezungushwa mpaka mwisho. Ndani, Fanta zilikuwa zimepangwa vizuri kama askari. Boksi la dawa lilikuwa limesukumwa nyuma kabisa, limebanwa kwenye bati la nyuma linaloshika barafu, ili chupa zipate nafasi. Nikakitoa kichupa. Kilikuwa jiwe.

Nilimkuta Mjomba anapigiwa pasi kanzu yake.

"Mjomba, umeongeza baridi usiku?"

"Nimeongeza. Wageni wangu wanywe ya vuguvugu kama wachunga ng'ombe?"

"Dawa ya Mama imeganda."

Akaitazama mkononi mwangu. "Iweke juani. Barafu ni maji."

"Muuguzi alisema ikiganda imekufa."

"Muuguzi ndiye anayeposwa leo?" Wanawake wakacheka kidogo. "Wageni wakiondoka tutaangalia. Wewe umefika la sita, sasa unanifundisha baridi. Leo usinitie aibu, mwanangu."

Nilirudi kwa Mama. Nilimwambia ukweli, kwa sababu mwili ni wake. Alikuwa anakunywa maji bila kukata kiu, midomo imekauka. Akaninong'oneza kwa Kinyarwanda, ihangane, vumilia. Neno hilo nimelishwa kuliko ugali. Nilipoondoka Burundi nikiwa mtoto niliambiwa ihangane, shule ilipoisha ihangane, Baba alipozikwa ihangane. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia Mjomba.

Wageni walifika mchana kwa pikapu, wamevaa kanzu na makoti. Aliyewaongoza ni Mzee Hakizimana, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe. Kigali nzima anayepokea mgeni humuuliza kwanza: baridi au moto? Mjomba alikuwa amenikataza kuuliza. "Leta tu, wataona wenyewe." Nikaleta. Chupa zilikuwa zinatoka moshi wa baridi, na Mjomba akaegemea kiti chake kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Mzee Hakizimana alishika chupa yake, akairudisha taratibu kwenye sinia.

"Binti, hamna ya moto? Baridi inanipiga meno."

"Na mimi, mwanangu," wa pembeni yake akasema. "Kifua hiki."

"Mimi pia ya moto," wa tatu akasema. "Za baridi wapeni vijana."

Kijana alikuwa mmoja, dereva, naye alikuwa nje na gari lake.

Nilibeba sinia kurudi karavani. Fanta za moto zilikuwa chini ya meza, zilipolala tangu jana, zina vumbi. Nilizipangusa moja moja. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Kichupa chake nilikuwa nimekiweka ndani ya glasi, na sasa kilikuwa kimeyeyuka, chembe zimeshika kioo kama maziwa yaliyokatika. Nikaiweka ile glasi kwenye sinia, katikati ya Fanta.

Niliporudi Mzee Hakizimana alikuwa anasema, "Usumani, sisi tuko tayari. Lakini shangazi wa binti simuoni. Binti anatolewaje bila shangazi yake?"

"Anapumzika," Mjomba akasema. "Ni uzee tu."

Niliwapa wageni chupa zao. Ya mwisho, ile glasi, niliiweka mbele ya Mjomba.

"Hii ni yako, Mjomba."

"Nini hii?" Mzee Hakizimana akauliza.

Mjomba alinitazama kwa macho ya kunichinja. Nikajibu aliyeuliza. "Ni dawa ya shangazi wa Yasmina, Mzee. Hatuna nyingine. Usiku imegandishwa ili Fanta zenu zipate baridi. Tangu asubuhi hajachomwa sindano na hawezi kusimama."

Mjomba akalazimisha kicheko. "Watoto wa siku hizi. Kesho nitaitafuta nyingine, ndugu zangu, tuendelee."

"Kesho siyo dawa," nikasema.

Mzee Hakizimana aliweka chupa yake chini. "Sisi tuendelee na nani? Gari iko nje, Usumani. Dereva akupeleke kabla barabara hazijafungwa. Sisi tutakaa."

"Mwache Swafiya aende."

"Aliyegandisha aende," Mzee akasema, kwa sauti ile ile ya upole.

Mjomba akaenda, na kanzu yake iliyonyooshwa, amekaa mbele kwenye pikapu bila kunitazama. Nilimwelekeza dereva kwa Gaudiose. Niliketi na Mama, nikimlowesha midomo, nikisikiliza kila injini inayopanda kilima. Wageni walikula pilau iliyopoa.

Alirudi jua likishuka, na kichupa alichotafutiwa na Gaudiose, kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Nilimchoma Mama sindano. Baada ya muda mrefu alikaa, akaomba kanga yake nzuri, nikamshika kiuno tukatoka, na mazungumzo yakaanza. Mjomba tayari alikuwa anawasimulia jinsi alivyobishana na askari kwenye kizuizi cha barabarani. "Dada yangu ni macho yangu," alisema. Wageni wakamsifu. Hakuniomba radhi, wala hakumwomba Mama.

Nikarudi karavani. Nilitoa Fanta zote nikazipanga kwenye majani. Boksi la dawa nikaliweka mbele. Kitufe nilikirudisha kwenye mbili, kisha nikakivuta. Kinachomoka ukikivuta. Nikakifunga kwenye pindo la kanga, fundo mara mbili.

Kabla ya kuondoka wageni, Mjomba aliwaleta, kama kawaida yake, waione friji. Akafungua mlango, akainama, akapapasa pale penye kitufe.

"Swafiya, ile ya kuzungushia iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko, Mjomba," nikasema, nikafunga mlango wa friji, baridi isitoke.