Mikanda ya Bwana Kiberiti

Mikanda ya kuzamia ilitandazwa juu ya boneti ya lori, pea mbili, na Khaemba alisimama mbele yake bila shati, miguu imezama katika tope la tuta la bwawa. Mvua ilikuwa imepumzika tu. Mawingu bado yalikuwa yamekaa juu ya Mlima Elgon na hayakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Chagua," Bwana Kiberiti alimwambia. "Mimi hapana mtu mbaya. Wewe najua mwili yako. Chukua ile nakaa mzuri."

Jina halisi la Mzungu huyo lilikuwa refu na halikukaa vizuri katika ndimi za wafanyakazi wake, ndiyo maana wakambatiza Kiberiti, kwa jinsi alivyowaka upesi. Kabla ya kupewa shamba hili nje ya Kitale alikuwa askari wa majini wakati wa vita, na kazi yake, kama alivyopenda kusimulia, ilikuwa kuzamia chini ya meli. Mitungi ya hewa, kioo cha macho na mikanda aliviagiza kwao ili ajifurahishe bwawani siku za Jumapili. Leo haikuwa Jumapili, na Bwana alikuwa na mafua. Mtu mwenye mafua hazamii, masikio yatapasuka. Alilieleza jambo hilo kwa upole na kwa kirefu, huku akipenga kamasi kwenye kitambaa cheupe. Mafua ya wengine hayakuulizwa.

Mafuriko yalikuwa yameleta gogo kutoka mlimani na kulisokomeza kwenye lango la chini la kutolea maji ya bwawa. Lango likakwama. Maji yakapanda mpaka tuta likaanza kutoa jasho upande wa pili, matone kwanza, halafu vijito vyembamba vya rangi ya chai. Na upande huo wa pili, bondeni, ndiko ilikokuwa laini ya wafanyakazi, vibanda vya nyasi vilivyowekwa huko kwa sababu ardhi ya juu ilifaa mahindi. Katika kimojawapo alilala Nasimiyu, mke wa Khaemba, na mtoto wa juzi. Walimwita Nafula, maana alizaliwa mvua ikinyesha.

Asubuhi Khaemba alikuwa ameomba watu wahamishiwe ghalani, kule juu. Kiberiti alikataa. Ghala lina mahindi, alisema, na watu na mahindi hawalali pamoja. Khaemba akaomba tuta lichimbwe kando, maji yapite polepole. Hilo hata halikujibiwa, kwa kuwa maji yalikuwa ya kinu na ya ng'ombe wa maziwa. Ikabaki njia ya gogo. Naye Khaemba alikuwa amekulia kando ya Nzoia, akishika kambare kwa mikono mitupu, na shamba zima lilijua. Sifa nyingine ni za kuficha.

Walubengo, nyapara, alisimama karibu na kamba begani. Alikuwa kaka yake Nasimiyu, tumbo moja, lakini nyumba yake ilikuwa ya mabati, kule juu kando ya stoo ya posho.

"Shemeji," Khaemba alimwambia kwa sauti ya chini, "na nikikataa?"

"Kataa uone." Walubengo hakumtazama. "Jana Bwana ameenda kwa polisi Kitale. Ati kuna watu ya Dini ya Msambwa hapa kwa laini. Amesema hajataja jina bado. Si unaelewa, bana? Bado."

Khaemba alielewa. Dini hiyo ilikuwa imepigwa marufuku, na kutajwa tu kulitosha. Wabwile wa shamba la jirani hakuwahi hata kuimba wimbo wao mmoja. Alitajwa baada ya kupeleka fahali wake mnadani Kimilili bila ruhusa ya Mzungu wake. Akasafirishwa kizuizini pwani, na mke wake mpaka leo hajui kama ni mke au ni mjane.

Basi akaigeukia mikanda. Pea ya kwanza ilikuwa mpya, pana, ya turubai nene, na ingemkaa sawasawa. Lakini mshipi wake wa tumboni ulifungwa kwa meno ya chuma yaliyotaka mikono miwili na nguvu za kutosha. Ya pili ilikuwa ya zamani, imechakaa mabegani, kubwa kwa mtu mwembamba. Hii ilifungwa kifuani kwa bizimu moja tu. Ukilipiga kwa kiganja linaachia, na mzigo wote, mtungi na vyuma vya uzito, unaanguka.

Hiyo ndiyo aliyovaa Kipsang, mfanyakazi mwenzake wa laini. Wiki iliyopita Kipsang alishuka nayo, kisiki cha gogo hilohilo kikamnasa mgongoni, akapiga bizimu, akaacha kila kitu matopeni na kuibuka akitapika maji. Aliibuka mzima. Kiberiti alimchapa kiboko mbele ya watoto wake, na jioni ileile familia yote ikaonyeshwa njia ya Kapsokwony, mizigo kichwani. Mtungi uliopolewa kwa ndoano, umebonyea kidogo ubavuni.

Khaemba akachukua ile ya zamani.

Walubengo alimvalisha. Inua mikono, geuka, inama: alimzungusha kama dume anayepimwa nira. Alimpitishia mikanda mabegani na katikati ya mapaja, akatoboa matundu mapya kwa msumari ili aikaze, na bado ncha zilizozidi zikabaki zinaning'inia mgongoni. Mtungi ulipowekwa, Khaemba aliyumba, kisha akasimama imara. Akafumba macho, akapiga bizimu. Likaachia. Walubengo akamfunga upya. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Likaachia. Moyo ukamtulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu kupambazuka. Akajaribu tena ameinama, pumzi ameibana, kama atakavyokuwa kule chini, na alipofumbua macho alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu anayeishi kwenye shamba la Mzungu huficha anachokitegemea, awe ng'ombe, uwe uchochoro wa kutorokea. Khaemba alilijua hilo tangu utotoni, ila siku hiyo furaha ilimtangulia. Kiberiti alikuwa ameshusha kitambaa chake, anamtazama kifuani.

"Kipsang pia nafungua mzuri," alisema. "Walubengo. Lete kufuli."

"Kufuli gani, Bwana?"

"Ile ya stoo ya posho."

Walubengo alisimama kidogo, kisha akaenda. Alirudi na kufuli la shaba, dogo, lenye harufu ya unga, akaanza kulipitisha katika pete za bizimu. Khaemba akamshika mkono.

"Shemeji. Mimi ni baba ya Nafula."

"Najua."

"Sasa nikinaswa?"

"Kamba iko na mimi. Wewe vuta mara mbili tu, mimi nakutoa."

"Na Bwana akikataa?"

Walubengo alibonyeza kufuli mpaka likalia. Ufunguo alimpa Kiberiti, naye akautia mfukoni pamoja na kitambaa chake.

"Hii vyombo iko bei kali," Kiberiti alieleza, wala hakuwa na hasira. "Wewe nakuja juu, vyombo nakuja juu. Vyombo nabaki, wewe nabaki. Sasa iko sawa."

Watu waliosimama tutani waliangalia miguu yao. Khaemba alitaka kuwalaani wote, lakini angekuwa yeye ndiye anayetazama, angeangalia wapi?

Kazi ikaelezwa. Apitishe mnyororo wa trekta chini ya gogo, aufunge kwa ndoano, avute kamba aliyofungwa kiunoni. Yeye atolewe kwanza, halafu trekta livute gogo. Khaemba aliomba jambo hilo lisemwe tena, watu wote wasikie.

"Wewe kwanza," Kiberiti alisema. "Trekta nyuma."

Maji yalikuwa mazito kama uji wa wimbi. Hakuiona hata mikono yake. Alishuka akiburura mnyororo, akiuma mpira wa hewa kwa meno, pumzi yake ikimpigia kelele masikioni mwake mwenyewe, mpaka miguu ikagusa ganda la mti. Akalipapasa gogo kama alivyokuwa akiwapapasa kambare chini ya mawe. Akapata nafasi, akasukuma mnyororo, ukateleza. Akasukuma tena. Safari hii ulipita upande wa pili, akauvuta, akautia ndoano yake, ikashika. Alisikia fahari, hata huko gizani. Akageuka apande.

Hakupanda. Kitu kilimshika mgongoni. Ncha moja ya mikanda, ile iliyozidi, ilikuwa imejiviringa kwenye kisiki. Akaenda mbele, akarudi nyuma, ikazidi kubana. Mkono wake ukaruka wenyewe kifuani na kupiga, ukakutana na kufuli. Ukapiga tena, ingawa alijua. Hofu ikampanda, na pamoja nayo hasira kali, kwa sababu kutoka hapa kulikuwa kazi ya kiganja kimoja.

Akavuta kamba mara mbili.

Kamba ikakaza. Walubengo alikuwepo! Ikamwinua kidogo, kisiki kikamrudisha, ikamwinua tena. Kisha ikasimama, kama mtu aliyesemeshwa.

Ndipo akaisikia ngurumo, zaidi kwenye meno kuliko masikioni. Trekta lilikuwa linawashwa. Labda tuta limeanza kumeguka. Labda kuna mtu aliyekimbia bondeni kumtoa Nasimiyu na mtoto, labda hakuna. Khaemba alitaka gogo litoke, maji yapungue, wale wawili wapone. Alitaka pia kuishi. Hakuona kwa nini mambo hayo mawili yasiwezekane pamoja. Bwana mwenyewe alikuwa amesema yanawezekana.

Akavuta mara mbili. Kamba ikamjia mikononi, nyepesi, kama isiyoshikwa na mtu, akaivuta na bado ikazidi kuja. Kando ya goti lake mnyororo ukaanza kukaza, pete moja baada ya nyingine.