Sisimizi wa Ngitili Yangu

Shemeji yangu Maduhu hakukosea mwezi. Angekuja Agosti angekuta mbuzi wangu kumi na saba ndani ya ngitili, samadi yao chini, nyasi zimeliwa mpaka shinani, na asingekuwa na neno. Alikuja Machi. Mwezi Machi ngitili yoyote ya huku kwetu inafanana na pori. Tunaifunga mvua za kwanza zikianza, mnyama haingii, nyasi zinapanda mpaka kifuani, na hatuifungui mpaka Julai, malisho ya kijiji yakishaisha. Anayeijua anaona akiba ya kiangazi. Asiyeijua anaona kichaka.

Mtendaji wetu wa kijiji, Bwana Damas, hakuijua. Ni mtu wa Rombo, mpole, ana miezi mitano tu hapa. Kwao wanakata nyasi wanampelekea ng'ombe bandani. Maduhu alimweleza kwamba ekari sita za mbuga za marehemu kaka yake Thomasi zimelala tangu kaka yake alipofariki, miaka minne sasa. Na sheria ndogo ya kijiji chetu inasema ngitili ikikaa miaka mitatu bila kulishiwa inarudi kijijini, apewe mwombaji. Mwombaji alikuwa yeye. Alitaka kulima dengu.

Thomasi alikuwa mume wangu. Ngitili ile ndiyo inayowavusha mbuzi wangu kiangazi, na mimi naishi kwa mbuzi hao. Bila hiyo ningewauza wote kabla ya Septemba, halafu ningebaki kumwamkia Maduhu kila asubuhi nikingoja anitupie unga. Sina shaka kwamba hilo nalo alikuwa amelifikiria.

Siku niliyoitwa ofisini nilimaliza rozari yangu kwanza, nikafunga kitenge, nikaenda. Nilimkuta Bwana Damas mezani, pembeni yake Mama Ng'washi, mzee wa baraza, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye hasikii vizuri upande wa kushoto na husikia vizuri sana upande wa kulia. Kwenye benchi alikaa Maduhu, na jirani yangu Nyanda.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia Ng'washi, kama mtoto kwa mama.

"Mwadila, ng'wanone. Kaa huku kulia."

Bwana Damas akaniuliza kama nina shahidi kwamba nimekuwa nikilishia mle.

"Binti yangu Jenifer. Yeye ndiye aliyekuwa akichunga."

"Yuko wapi?"

"Ameolewa Nyashimo."

Maduhu akacheka. "Mheshimiwa, mtoto atasema mama yake mwongo? Hata kuku hawezi kuupokea ushahidi huo."

"Sikukuuliza wewe, shemeji," nilisema. "Na kuku wako mwache nyumbani."

Ng'washi akajifunika mdomo kwa khanga.

Nyanda akaulizwa. Akasema shamba lake linapakana na ngitili yangu, na hajawahi kuona mbuzi mle. Aliyasema hayo akitazama viatu vyake. Septemba iliyopita nilikuwa nimemkatalia kuingiza ng'ombe wake, na tangu hapo hatusalimiani vizuri.

"Hujaona, Nyanda, au uligeuza kichwa?"

"Sijaona."

"Haya. Bwana Damas, twende tukaangalie."

"Tukaangalie nini, mama? Nilishapita pale. Nyasi tupu."

"Hukuangalia miti."

Hapo ikabidi nieleze, na niliwaeleza kama ninavyoeleza hapa. Malula ni migunga mifupi ya mbugani. Baadhi ya miiba yake imevimba chini, imekuwa vifuko vyeusi kama malimau yaliyokauka, ina vitundu, na upepo ukipita inapiga mluzi. Ndani ya vifuko wanakaa sisimizi. Mimi nimewatazama miaka mingi, maana kuchunga mbuzi ni kukaa na kutazama. Kila mti una kabila lake. Matawi ya miti miwili yakigusana wanapigana, asubuhi unakuta chini peusi kwa maiti. Mti unawapa nyumba, unawatolea na utamu kwenye vikonyo vya majani, nao wanaulinda. Mbuzi akiupeleka mdomo, sisimizi wa kwanza ananyanyua mkia juu ya kichwa, inatoka harufu kali, na ndugu zake wanamiminika kutoka kila kifuko kama wanakijiji waliosikia yowe. Mbuzi anawahi kung'ata mara tatu, anapiga chafya, anahamia mti mwingine. Ndiyo maana hakuna mti unaomalizwa.

Lakini kisimani niliona jambo lingine. Kisima cha kijiji kimezungushiwa seng'enge miaka kumi na miwili, hakuna mbuzi anayeingia. Mle ndani kuna malula kama ishirini, udongo uleule wa kwangu, umri uleule. Mwaka wa tatu nilianza kuona vifuko vipya vinakuwa vichache. Mwaka uliofuata vikapungua tena. Utamu ukakauka. Sisimizi wenyewe wakawa wavivu, wengine wakahama kabisa. Siku hizi kina mama tunatundika khanga na ndoo kwenye matawi yale na hakuna anayeumwa. Mti usioliwa unaacha kulisha walinzi.

"Kwa hiyo," nilisema, "kama ngitili yangu imelala miaka minne, sisimizi wake wawe wamelala pia. Tukaitikise miti. Wa kisimani kwanza, halafu wangu."

"Sisimizi!" Maduhu akapiga paja. "Mheshimiwa, tumefika huku sasa? Kesho atamleta panya aape."

Bwana Damas naye alikuwa akitabasamu, nikajua kesi naipoteza. Nikasimama. "Bwana mtendaji, wewe ni mgeni, huna kosa. Lakini ukiandika karatasi hiyo bila kutikisa mti mmoja, nitaipeleka kata, nitaipeleka wilaya, na kila mahali nitakapofika nitasema uliogopa kutembea dakika kumi."

Tabasamu likaondoka. Ng'washi akachukua fimbo yake. "Mimi nakwenda," akasema. "Miguu yangu imekufa ganzi."

Tukaenda watano. Kisimani nilimwambia Maduhu atikise mti wowote. Akatikisa kwa mikono miwili, akaukumbatia kabisa, akauliza, "Haya, nimekufa?" Bwana Damas akainama, akavuta tawi. Alihesabu vifuko viwili. Kimoja kina utando wa buibui. Sisimizi alipata watatu, wanatembea polepole kama watu wanaotoka msibani.

Tukavuka barabara mpaka kwangu. Niliondoa miiba langoni, wakapita. Nilimwambia Bwana Damas achague mti mwenyewe, asije mtu akasema nimeupanga. Akachagua mmoja katikati, si mkubwa si mdogo, umejaa vifuko. Upepo ulikuwa ukiupigia mluzi.

"Shemeji," nilisema, "tikisa kama ulivyotikisa ule."

Maduhu akasimama. Alikaa Kasoli kwenye biashara ya pamba miaka ishirini kabla ya kurudi kijijini, anavaa viatu vya kamba, lakini mtu aliyezaliwa mbugani hasahau malula.

"Kwa nini nitikise? Malula ni malula."

"Ndiyo hivyo. Tikisa."

"Sina cha kuthibitisha mimi."

"Uliukumbatia ule wa kisimani kama mchumba," Ng'washi akasema. "Huu umekukosea nini?"

Bwana Damas akageuka nyuma. Nyanda alikuwa amejitoa hatua kama sita, hakuna aliyemwambia.

"Mzee Nyanda, mbona umerudi huko?"

"Nipo tu, mheshimiwa. Kivuli."

Kivuli hakikuwapo. Wote tuliona.

Nadhani hilo ndilo lililomchoma Bwana Damas, kuona wenyeji wawili wanaogopa kitu walichosema hakipo. Akasema, "Basi natikisa mimi," na kabla sijamwambia aibane mikono ya shati, alishaingiza mkono mzima kati ya matawi na kutikisa kama anayeangusha parachichi za kwao.

Nilimwonea huruma, kweli. Ile harufu ilitoka kwanza. Halafu mti ukawa mweusi. Walishuka kwenye mkono wake, wakaingia kwenye kwapa, wakapita shingoni. Bwana Damas alisema maneno ya Kichaga ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Alivua shati pale pale mbele ya Mama Ng'washi, ambaye alimpangusa mgongo kwa khanga akimwambia, "Tulia, baba, tulia, hawana sumu ya kuua. Tulia."

Bwana Damas alipopata pumzi, Maduhu alisema, taratibu, kwa sauti ya kumhurumia mtu. "Mheshimiwa, umeona. Wanamtii. Mwanamke anayekaa peke yake, anayeshinda na wadudu. Sisi huku tunajua mtu wa hivyo anaitwaje."

Alikuwa akisema mchawi, bila kulitaja. Huku kwetu neno hilo halihitaji kumalizika. Wazee wa kike wamekatwa mapanga kwa ajili ya nusu yake. Nikamwomba Bikira Maria anishike, akanishika. Nikamsogelea Maduhu mpaka nikaona jasho kwenye masharubu yake.

"Limalizie."

"Mimi sijasema—"

"Limalizie, Maduhu. Litamke lote, na jina langu la ubatizo, Specioza, ulitaje. Bwana Damas aliandike na tarehe, na wewe uweke sahihi. Halafu usiku wowote kitu kikinipata, wataanza na karatasi hiyo. Litamke. Ng'washi, mpe sikio la kulia."

Ng'washi akageuza kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. Maduhu akatazama minyaa ya mpakani.

"Nilikuwa natania, shemeji."

"Utani huo kamfanyie mkeo."

Bwana Damas alikuwa akivaa shati lake. Uso umevimba kidogo, lakini akili ilishaamka. "Tuendelee," akasema. "Sisimizi wapo. Kwa maelezo ya mama, wapo kwa sababu miti inaliwa. Bwana Maduhu, unasemaje?"

"Inaliwa, sawa. Lakini na mbuzi wake? Mbuzi wa watu wanapita kila mahali."

Hapo Ng'washi akacheka, cheko fupi. Alijua kabla yangu Maduhu amekanyaga wapi. Ngitili ya mtu haiingiwi bila ruhusa. Ukiingiza mifugo yako kwa wizi, wazee wanakutoza dume la mbuzi kwa kila siku uliyolishia, na nyama inaliwa wewe ukitazama. Hakuna mzaha.

"Mbuzi wa watu," Ng'washi akasema. "Haya. Anayepakana hapa ni mmoja tu. Nyanda! Njoo huku, acha hicho kivuli. Miaka minne miti hii imeliwa na mbuzi wako?"

Nyanda akawa kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake mwingine. "Wangu? Hapana, mayu."

"Sema vizuri. Miaka minne, kiangazi chote. Ni madume mangapi hayo?"

"Si wangu! Mimi sijawahi kuingiza hata mmoja humu!"

"Basi ni wa nani?"

Alimtazama Maduhu. Maduhu hakumtazama.

"Wa huyu mama," Nyanda akasema. "Kila Julai. Yeye na binti yake. Nawaona kutoka kwangu."

Bwana Damas akatoa daftari, akaandika akiwa amesimama, anajikuna kwa kalamu. Alipomaliza alinivuta pembeni. Nasema alikuwa mtu mpole. Akaniambia, "Mama, haki ni yako, nimeona. Lakini huyu ni ndugu wa mumeo na mtaishi pamoja. Kwa ajili ya amani, ungemkatia hata ekari mbili za dengu."

"Amani ilikuwepo," nilisema. "Ilikuwepo mpaka alipokuja ofisini kwako. Andika sita."

"Mama..."

"Jembe likiingia ekari mbili, mwakani litataka tatu. Na malula yakishang'olewa hayarudi kwa karatasi. Andika sita, baba. Andika na jina langu, si la marehemu."

Akaandika sita. Nikasoma mstari kwa mstari kabla ya kuweka sahihi, nikamrudisha mahali alipoandika "shamba pori", akakata, akaandika "ngitili".

Wakati wa kutoka Maduhu alibaki nyuma, akasubiri wengine wapite lango. Ana jozi mbili za maksai, na kwake hana malisho, aliyalima yote miaka mitatu iliyopita. Akazungukazunguka na maneno mpaka yakafika. Kiangazi kikiwa kikali, akasema, labda maksai wapate siku chache humu, ni mali ya ukoo.

"Si mali ya ukoo. Umesikia ilivyoandikwa."

"Nakuomba basi, shemeji."

"Leo hapana. Agosti utakuja hapa langoni mchana, Nyanda na Ng'washi wakiwepo, useme unaomba malisho kwa Specioza. Nitakusikiliza, nitaangalia nyasi zilivyo, halafu nitakujibu."

Nikaburuta matawi ya miiba, nikafunga lango, yeye akiwa upande wa nje.