Rangi Iliyokataa Kushika

Asubuhi ya tatu mfululizo, gari la shemeji lilikuwa limerudia rangi yake ya kijivu ndani ya gemu ya simu ya fundi rangi.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mbio za magari, ila fundi hakuwa na habari na mbio. Yeye alikusanya magari tu. Yalikuwa sitini na moja, kila moja pacha wa gari halisi aliloletewa gereji. Mteja alichagua rangi na rimu humo humo, akalizungusha gari kwa kidole mpaka roho yake iridhike, ndipo fundi akashika bomba la rangi. Kwa mtindo huo hakuna aliyekuja kulalamika baadaye.

Shemeji huyu, kaka wa mke wake, alileta lake la kijivu limebonyea mbele kushoto. Nguzo ya geti, alisema. Akataka rangi ya damu ya mzee, na akaitaka upesi. Fundi hakumdadisi, shemeji ni shemeji. Akanyoosha bati, akajaza puti penye mashimo, akapaka. Wiki hiyohiyo mtaa mzima ulikuwa ukimlilia binti wa mwalimu, aliyegongwa akitoka shule na gari ambalo halikusimama. Mpaka leo yuko hospitalini, hajafumbua macho.

Kwenye simu fundi alilipaka upya gari lile, likarudi kijivu. Akalifuta kabisa, kesho yake akalikuta limeegeshwa palepale mwisho wa safu. Akajipa moyo kwamba gemu imeharibika, basi. Lakini leo taa ya kushoto ilikuwa imepasuka na bati limebonyea, na magari ya gemu ile hayabonyei hata uyabamize ukutani mchana kutwa. Akampa mkewe simu, akamuuliza anaona nini.

"Gari la kaka," mkewe alisema, akikoroga chai. "Mbona hujalitengeneza?"

Chai ilimshinda fundi siku hiyo.

Saa nne shemeji alifika gereji kuchukua gari lake, akipiga mluzi. Fundi alijua likishatoka pale, ndiyo imetoka hiyo. Aliogopa, tena sana. Nyumba yake ilikuwa mashakani. Hata hivyo akachukua msasa, akapiga goti mbele ya taa ya kushoto, akaanza kusugua.

Shemeji alicheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Kisha akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba dada yake hatamsamehe. Fundi aliuondoa ule mkono. Msasa ulikuwa umeshapita rangi, sasa unakula puti.

"Shemeji, alivaa sweta ya rangi gani?" fundi aliuliza, bila kumtaja binti wa mwalimu.

"Njano," alijibu shemeji, kama aliyeulizwa saa.

Kisha akaketi chini na suruali yake safi, kwenye vumbi la puti.

"Aliniangalia," alisema.

Fundi aliendelea kusugua, maana hakujua mikono aiweke wapi.