Mafoto Bila Sura

Barua ya hopitali ilisema bongo ya mujukuu wangu Kambale inapunguka. Tangu siku ile akafungia pikipiki yake ndani ya nyumba, huku Munigi, akakataa kuigusa. Akisahau chumvi tu, anashika kichwa, ananiambia mimi nyanya yake: "Tate, unaona? Inaisha." Mutu wa miaka makumi mbili na tatu!

Alianguka na pikipiki, na tangu hapo kila mwaka wanamuingiza mu mashini, wanapiga foto ya bongo, wanalinganisha na ya zamani. Nikabeba barua, nikaenda kwa yule mwenye kutengeneza mafoto kabla dokteri ayasome.

Jina lake Zéphirin. Alitoka Kinshasa na viatu vya ncha, aje kutembea navyo kwa mawe yetu ya volkano. Hakusimama kunisalimia.

"Mama muzee, hii ni kazi ya ordinatere, kompyuta hii. Ninanyoosha mafoto, ninakata sura na masikio, mutu asijulikane, kisha ninapanga ya mutu moja pamoja."

"Ukishakata sura, unajua namna gani ni ya nani?"

"Kwa numero. Mwaka wa kwanza numero haikuwa, nilifuata jina. Kambale. Ni rahisi," akacheka.

Mimi niliishia darasa la tatu primere, lakini hapo nilimuonea mama yake haya.

"Papa, kwetu Wanande kila mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Ita jina hilo sokoni, uone vichwa vinavyogeuka. Nionyeshe foto ya kwanza, ile hujakata."

Akafungua, akipumua kama mutu anayebeba gunia. Masikio mawili, mazima. Kambale wangu, jiwe lilimukata sikio la kushoto siku ileile ya kuanguka! Foto ya mwaka huu, nayo hajaikata: sikio nusu.

"Nitatuma mesaji..."

"Utakuja na mudomo wako."

Nikamuleta. Akasimama mulangoni, akasema yote, macho kwa viatu. Kambale akasikiliza, mikono imetulia. Kisha akauliza kile sisi wawili hatukuwaza:

"Na mwenye ile foto ya kwanza? Yeye mulimuambia nini?"

Zéphirin akajibu: "Kwamba yuko muzima. Anakaa Katindo."

"Mulilinganisha foto yangu ya zamani na yake ya leo. Basi hali ya bongo yake hamuijui."

"...Ndiyo."

Kambale akasukuma pikipiki nje, akaiwasha.

"Panda, mukata-masikio. Utanionyesha nyumba yake."