Alikata Kila Niliposinzia

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kipimo chake cha hadithi nzuri, na kipimo chenyewe nilikuwa mimi. Hakuniambia. Angeniambia, ningemfukuza chumbani pamoja na makaratasi yake.

Ninafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Watu wakisikia hospitali hunipa salamu ya heshima, mpaka wanapouliza nafanya nini hasa. Mashuka huja kwa mafungu, tunayachambua kwa mikono, na yenye damu hutangulia kwenye maji baridi, maana maji ya moto huigandisha damu isitoke tena. Yakishakauka yanapitishwa kwenye rola la pasi. Mimi nashika ncha za huku, mwenzangu anashika za kule, tunakunja, tunasogeleana, tunaachana, tunashika jingine. Ndiyo kazi, kutwa nzima. Naingia alfajiri, natoka alasiri, na nikifika nyumbani miguu si yangu tena. Najitupa kitandani hata kiatu kimoja sijavua.

Hapo ndipo Mwandishi alipokuwa akinisubiri. Jina hilo nilimpa mimi kwa utani, naye akalipokea kwa uzito mpaka nikaona haya kumnyang'anya. Tangu mama afariki tunaishi wawili, vyumba viwili na jiko la pamoja na wapangaji wengine. Asubuhi alikuwa akimsaidia mjomba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, kupima misumari na kukata nyaya. Mchana alirudi akaandika riwaya yake. Mimi nikiingia tu, anavuta kiti karibu na kitanda changu.

"Sikiliza tu, dada. Usiseme kitu."

Kusema nitasema nini, na mdomo wenyewe umechoka? Nilisikiliza. Siku nyingine nilifika mwisho wa ukurasa, siku nyingine sikufika popote. Nilipoamka nilimkuta bado yuko pale, kalamu mkononi, ananitazama kwa uso wa mtu aliyefiwa. Nikadhani ananihurumia kwa uchovu. Kumbe wapi.

Kuishi na mtu wa namna hii ni kazi ya pili, isiyo na likizo. Leo anaamka anasema hakuna aliyewahi kuandika kitu kama hiki. Kesho hajui hata kama anaweza kuandika barua ya kuomba ruhusa. Ananiuliza, "Dada, mimi nina kipaji au najidanganya?" huku mimi nasugua sufuria. Nikimwambia unacho, anasema nasema hivyo kwa sababu ni ndugu. Nikimwambia huna, hali chakula. Haambiliki, hasemezeki. Lakini nilimpenda, na nilitaka afanikiwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe. Mtu mmoja katika nyumba yetu afanye kazi ambayo haifutwi na sabuni.

Riwaya ilianza na mama anayeshona nguo kuukuu mlangoni. Sura hiyo ya kwanza alinisomea siku ya mapumziko yangu, nikiwa macho makavu, nikaipenda. Zilizofuata zilipitia kwenye usingizi wangu. Baada ya muda nikaona hadithi imebadilika. Wakaja wezi. Akaja mwanamke mwenye siri, polisi wakavunja mlango, nyumba ikaungua. Kila siku mtu alipigwa au alifumaniwa. Nikadhani ndivyo vitabu vinavyokuwa vikikomaa.

Alipoimaliza riwaya, akaipeleka kwa mama mmoja, mhariri wa kampuni ya vitabu, ambaye aliwahi kuisoma sura ile ya kwanza na kuomba iliyobaki. Tukasubiri. Katika kusubiri huko mjomba akafungua duka la pili, akamwita Mwandishi asimamie, kutwa nzima, Jumamosi pia. Mjomba si mtu mbaya. Ameshatuokoa mara nyingi, na hata alipomwita "Profesa" alimwita huku akimpakulia nyama. Alitaka jibu Ijumaa. Ukisimamia duka lile kutwa, hakuna riwaya, hilo tulilijua sote watatu.

Jumanne nikamkuta Mwandishi amekaa kwenye kitanda changu badala ya kiti.

"Yule mama mhariri amepiga simu," akasema.

"Ehe."

"Anasema kitabu kinapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Anasema sura ya kwanza kuna mama, halafu mama anapotea na hakuna hata anayeuliza alikokwenda. Nikiweza kumrudisha, atasoma tena. Nisipoweza, ananitakia heri."

"Kweli, mama yule alikwenda wapi?"

"Nilimkata."

"Kwa nini umkate?"

Akatazama sakafu. "Ulilala."

Sikuelewa. Akaanza kunieleza polepole, kama mtu anayekiri wizi mbele ya jirani. Kila nilipofumba macho alitia alama. Kila palipo na alama alipafuta, akaandika kitu kingine cha kuniamsha.

"Mama na mtoto wakisubiri mvua ipite?"

"Ulilala."

"Yule mama akiwa mgonjwa?"

"Ulikoroma, dada."

"Na moto je?"

"Kwenye moto ulikaa macho."

"Nani atalala nyumba ikiungua?" nikasema. Hasira zilinipanda mpaka uchovu ukanitoka. "Wewe mtoto una wazimu. Mimi nimekunja mashuka ya hospitali nzima, halafu unanifanya hakimu wako na macho yamefumba?"

"Nilisema, kama dada anayenipenda analala, msomaji asiyenijua atafanyaje?"

Nikavua viatu, nikakaa kando yake. Kuna jambo sikuwa nimelisema kwa mtu, kwa sababu lilionekana dogo.

"Tangu mama yetu aondoke mimi silali," nikamwambia. "Nazimika tu. Nafumba macho hapa, nafumbua kazini, katikati hakuna kitu. Lakini ulipokuwa unasoma habari za yule mama, nililala. Nililala kama mtoto ambaye kuna mtu macho chumbani. Nikiamka nilikuwa na nguvu za kwenda kazini. Ulikuwa unakata mahali pekee ninapopumzika."

Akauliza, kwa tamaa iliyonichoma moyo, "Unakumbuka alisema nini? Hata neno moja?"

"Sikumbuki hata moja."

"Makaratasi nilitupa na taka."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, nami nikamfuata.

Jumatano na Alhamisi aliandika upya. Hakwenda dukani, akamwambia mjomba anaumwa, na kwa kumtazama ulikuwa ukweli. Alhamisi nilipofika alikuwa ameshavuta kiti. Vidole vimeingia wino, ndevu hazijanyolewa. Nikalala chali, nikafumba macho, nikamwambia asome.

Sijawahi kuutaka usingizi namna ile. Nilikuwa nimechoka vya kutosha, mwenzangu wa rola hakuja na nilikunja na mtu mgeni asiyejua kuvuta. Sentensi zilikuwa safi. Mama alikuwa mlangoni, sindano mkononi. Lakini kila alipofungua mdomo alimpa mtoto nasaha, za subira, za elimu, za dunia, na mimi nilikuwa macho kodo nyuma ya kope. Mama yetu alikuwa anaweza kushona kutwa asiseme neno ila "sogea, unaniziba mwanga."

Alipomaliza aliyaweka makaratasi gotini. Nilimsikia akipumua. Nilijua anachosubiri, na ilikuwa rahisi kumpa. Kukoroma kidogo tu. Angefurahi, angepeleka, na huenda yule mama wa vitabu naye angeridhika. Kesho mjomba angeambiwa hapana, na mimi ningekuwa dada mwema. Na kama mhariri angekataa, mdogo wangu angemaliza maisha yake bila kujua alikosea wapi, kwa sababu mtu pekee aliyejua alijifanya amelala.

Nikafumbua macho.

"Bado," nikamwambia.

Uso ukamwanguka. "Bado sana?"

"Anahubiri. Mnyamazishe ashone."

Aliyapanga makaratasi juu ya goti, akayapangua, akayapanga tena. Nilidhani atasema basi, nami sikuwa na nguvu za kumzuia.

"Mjomba anataka jibu kesho," akasema.

"Najua."

"Nitamwambia nitafanya asubuhi tu, kama zamani. Atanitukana."

"Atakutukana, halafu atakupakulia nyama."

Akainuka akaenda mezani, akakaa, akanigeuzia mgongo. Nilidhani ameshanisahau.

"Dada, kesho utakuwa umechoka?"

"Kesho tunapokea mashuka ya wodi zote. Nitakuwa hoi."

"Vizuri," akasema, akaanza kuandika.