Paka Aliyeitwa Kazi

Panya walianza na jibini za ubao wa chini. Asubuhi moja Kampire aliingia kwenye kibanda anachotengenezea jibini, huko milimani juu ya Nyabiondo, akakuta kadhaa zimetobolewa ubavuni kama zimepigwa patasi. Alizibeba hadi uani, akaziweka mbele ya mama mkwe wake.

“Mama, ona. Tukikosa paka, hii kazi ya fromaji itatushinda.”

Mama Mukabaranga alikuwa anakamua. Hakugeuka. “Mu hii lupango, hii ua yetu, paka haitaingia. Papa Karangwa hakuipenda, na mimi siipendi.”

Sababu yake ilijulikana na kila mtu pale kilimani: inyamanza. Ni ndege wadogo, weusi kwa weupe, wenye mkia usiotulia, na wawili kati yao walitembea uani kwa Mukabaranga kama wenye nyumba. Walipita kati ya miguu ya ng'ombe wakiokota nzi. Walikunywa kwenye birika la ndama, na mtu akitoka mlangoni walimpisha kidogo tu, tena kwa kiburi. Wafugaji wa pale hawamrushii inyamanza jiwe. Ua anamotembea huhesabiwa kuwa ua wenye amani. Marehemu Karangwa alikuwa akiwasalimu hao ndege kabla ya kumsalimu mkewe Mukabaranga. Tangu azikwe, Mukabaranga alikula peke yake na kusema maneno ya lazima tu: ndoo, ndama, mvua.

Kampire alivumilia hadi siku aliyoteremka Sake kuuza jibini. Alirudi na gunia dogo linalolia. Ndani yake mlikuwa na paka wa kijivu, mwembamba, masikio makubwa kuliko uso.

“Atalala kule ku kibanda,” Kampire aliwahi kusema kabla hajaulizwa. “Hautamuona. Amekuya kwa kazi tu.”

“Basi njo jina yake,” alisema Mukabaranga kwa hasira. “Kazi. Na siku atashindwa kazi, arudie Sake.”

Usiku wa kwanza paka alilala kibandani. Mvua iliponyesha aligonga mlango wa nyumba kubwa kwa kucha, na Mukabaranga akamfungulia, kwa ajili ya mvua, alisema. Wiki haikuisha kabla Kazi hajahamia mapajani mwake. Alianza kupewa povu la maziwa ya kwanza, lile ambalo zamani alikuwa akipewa Karangwa, na mjane akawa anaongea naye wakati wa kukamua: kuhusu ng'ombe gani ana tabia mbaya, kuhusu mke wa shemasi na kofia yake, kuhusu magoti yanayouma. Siku moja Kampire, akiwa jikoni, alisikia sauti ambayo hakuitambua. Alichungulia. Mama mkwe wake alikuwa anacheka.

Jioni hiyo mumewe Jado alipiga simu kutoka Buleusa, upande wa Walikale, alikokuwa amekwenda kununua mpunga.

“Mama iko namna gani?”

“Anacheka,” Kampire alimjibu.

“Anafanya nini?” Jado aliuliza, akidhani mtandao wa simu umeharibu neno.

Panya, kwa upande wao, hawakupata habari kwamba paka amefika. Jibini ziliendelea kutobolewa. Kampire alimkuta Kazi amelala ubao wa juu, tumbo juu, na panya ubao wa chini anakula bila haraka. Alipomshitaki, mama mkwe alimtetea: “Mwache. Anazisoma kwanza.”

Muda si mrefu manyoya yakaanza kuonekana. Kwanza ya njano, karibu na uzio. Kisha mengine ya kijani yanayong'aa, ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua mekundu ya nyuma ya choo. Vinyonga walitoweka kwenye miti. Mbayuwayu waliojenga chini ya paa la kibanda walikwenda na hawakurudi. Mukabaranga aliyatazama hayo manyoya, kisha akayatazama mashamba ya chini, kwa Hakorimana.

Hakorimana alikuwa mkulima wa maharage na mtama, jirani wa miaka mingi, na vita vyake na ndege vilikuwa vya hadharani. Shamba lake alilizungushia kamba zenye chupa tupu na vipande vya sasheti za plastiki vinavyopiga kelele kwenye upepo. Pembeni alitega vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe, na nywele hizo alizitoa kwa ng'ombe wa Mukabaranga mwenyewe, kwa ruhusa, wakati wa Karangwa.

Kisha dume la inyamanza likakutwa kando ya birika, shingo imegeuka. Mukabaranga alilifunga kwenye kitambaa cha kanisani, akalizika chini ya mhogo, akashika fimbo na kuteremka.

“Papa Hakorimana, umeua inyamanza yangu.”

Hakorimana alikuwa anapalilia. Alivua kofia. “Mama Jado, mimi nategea ndege ya mutama. Inyamanza haikule mutama. Ningeiua ya nini?”

“Kamba ni zako. Vitanzi ni vyako. Ndege inakufa. Sasa mimi nifikirie nani?”

“Ungefikiria hata wale wa ku nyumba yako,” alisema Hakorimana, polepole.

“Ku nyumba yangu tunasali!”

Kesi ilifika kwa Pasta Zéphyrin, aliyekuwa mpole kiasi kwamba katika kila kesi alimpa haki aliyelia zaidi. Tena alikuwa akinywa chai ya maziwa kwa Mukabaranga kila Jumatano. Alimsikiliza huyu, akamsikiliza yule, akapanguza midomo, na kuamua kwamba kwa ajili ya amani ya kilima Hakorimana aondoe vitanzi, na kamba pia, maana kelele zake zinawatisha viumbe vya Mungu.

“Na mutama?” aliuliza Hakorimana.

“Mungu ataulinda.”

Hakorimana aliondoa kila kitu. Ndege wakashuka kwenye mtama kama waliopigiwa kengele ya chakula. Mkewe Twizeyimana alishinda shambani akipiga debe hadi sauti ikamkauka, na bado masuke yalibaki matupu upande mmoja. Kilichofuata ndicho ambacho pasta hakukiwazia. Kazi, aliyemaliza ndege wa uani, alisikia kelele za bondeni, akapita chini ya uzio, akateremka kwenye mtama. Hakorimana alimwona akitambaa kati ya mashina; paka akaruka, akatua na kitu mdomoni. Kundi zima likapaa na kuhama shamba.

Hakorimana aliinua jiwe. Kisha akaliweka chini.

Alikuwa ameonewa, na muuaji alikuwa mbele yake, mchana kweupe. Angeweza kupanda kilima na kuwaita watu waje kuona. Lakini ndege walikuwa wamehama. Alikaa juu ya kichuguu akafikiri, na alipomaliza kufikiri alimwambia mkewe alete sambaza wachache, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa.

“Unalisha paka ya ule mama?” Twizeyimana alishangaa. “Kisha vile amekufanyia?”

“Silishe paka. Ninalipa mulinzi.”

Tangu hapo Kazi alikuwa na nyumba mbili. Asubuhi alikunywa povu la maziwa juu. Mchana alikula sambaza chini. Katikati alifanya alichopenda. Mukabaranga alimwona ananenepa, akasema hewa ya mlimani imemfaa. Hakorimana alipokutana na huyo mama njiani na kuulizwa kama bado anaua ndege, aliinamisha kichwa kama mtu aliyetubu. Mukabaranga alipendezwa na unyenyekevu huo, hadi akamwomba pasta afanye sala ya kupatana, nyumbani kwake, ili kesi ifungwe vizuri.

Walikaa uani siku ya Jumapili baada ya ibada: pasta kwenye kiti chenye mikono, Hakorimana na mkewe kwenye benchi, Kampire mlangoni na birika la chai. Mukabaranga alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Jike la inyamanza, lililobaki peke yake, lilitembea karibu na zizi, na mama mwenye nyumba akalionyesha kwa kidole.

“Muone, Pasta. Tangu Papa Hakorimana aache mambo yake, huyu mujane mwenzangu anaishi salama.”

Pasta aliwaambia wafumbe macho. Sala ilikuwa ndefu. Iliwapitia Mukabaranga na Hakorimana, ikapita vyakula, ikafika kwenye serikali, na ilipokuwa kwenye barabara ya Sake watu walisikia mbawa zikipiga chini. Wakafumbua macho.

Kazi alikuwa anavuka ua, kichwa juu, inyamanza mdomoni, bawa moja limefunguka na kupiga hewa. Alimpita pasta. Alimpita Mukabaranga. Alikwenda moja kwa moja kwa Hakorimana, akamweka ndege juu ya kiatu chake, akakaa akimtazama, akisubiri sambaza.

Ndege alitetemeka juu ya kiatu.

“Unaona?” Mukabaranga alisimama, akimnyoshea Hakorimana kidole. “Unaona, Pasta? Anamupelekea yeye! Amemufundisha! Ameharibu mutoto wangu!”

“Mama Jado, mimi…”

“Anakujua! Paka yangu inakujua! Sema hapana!”

Hakorimana alitaka kusema hapana, ila Kazi alianza kujisugua kwenye mguu wake.

“Mama,” alisema Kampire kutoka mlangoni. “Mama, basi.”

Aliweka birika chini. Alikwenda kibandani akarudi na kapu, akalimimina mbele ya wote. Manyoya yakatoka: ya njano, ya kijani, meusi kwa meupe, na upepo ukayatembeza hadi kwenye viatu vya pasta. “Iko ya chini ya kitanda chako. Ninafagia kila asubuhi kabla uamuke. Hata ile ya kwanza, dume, ninajua ni Kazi njo aliiua.”

“Ulijua? Na ukaniacha niteremke kwa huyu papa na fimbo?”

“Ningesema nini?” Macho ya Kampire yalikuwa yamejaa machozi. “Ungefukuza paka. Na ulikuwa umeanza kucheka, Mama. Ulikuwa unakula na sisi.”

Pasta alikohoa. Alisema, kwa sauti ya chini kuliko ya mimbari, kwamba hata yeye Jumatano moja aliona mguu wa ndege chini ya mkeka, ila chai ilikuwa tayari imemiminwa. Hakorimana naye akaeleza habari za mtama na sambaza. Ikaonekana kwamba pale uani wote waliokuwa wamefumba macho walikuwa wameyafumba kabla ya sala.

Mukabaranga aliinama kwa shida ya magoti, akamwokota ndege. Alikuwa mwepesi kama kokwa la parachichi lililokauka, moyo ukipiga kwenye kiganja. Alilinyoosha bawa kwa kidole. Walisubiri aseme kwamba hakujua. Hakusema hivyo.

“Bawa halikuvunjika,” alisema mwishowe. “Leteni kitunga.”

Inyamanza aliwekwa chini ya kikapu hicho, na maji kidogo na mchwa, na Kazi akafungiwa kibandani, mlango na kufuli. Alilia hadi kilima kizima kikajua. Mukabaranga hakumpelekea maziwa. Alikaa mlangoni kwake, mgongo kwa kibanda, mikono mapajani haina cha kushika. Siku zilizofuata njaa ilimfundisha Kazi kilichoandikwa kwenye jina lake. Kampire alikuta mikia miwili ya panya sakafuni, na baadaye jibini zikakaa nzima. Hakuna aliyeshangilia kwa sauti.

Inyamanza alitembea, kisha akaruka hadi kwenye paa, na asubuhi moja akavuka mto kuelekea upande wa barabara. Mukabaranga alitoka kila siku kabla ya kukamua, akatazama chini kwenye birika la ndama. Hakuja inyamanza mwingine. Mukabaranga hakumlaumu mtu.

Kisha Hakorimana alipanda kilima, kofia mkononi, mpaka kwa pasta. Alikuwa na shitaka.

“Ndege wanamaliza mutama yangu. Kamba uliniondolesha, paka mumefunga. Pasta, ninaomba mufungue paka.”

Pasta Zéphyrin alishika kichwa. Alimwita Mukabaranga, akitegemea kilio, ili ajue pa kuelekea. Lakini Mukabaranga hakulia.

“Paka haitoke,” alisema. “Kamba zirudi. Vitanzi, hapana. Na kwa kuwa mimi njo niliziondolesha, mimi njo nitazifunga.”

Hakorimana alidhani ni maneno. Kesho yake alimkuta shambani, kitenge kimefungwa kiunoni, fimbo imechomekwa ardhini, anapima chupa na kamba. Walifanya kazi upande kwa upande bila kusalimiana vizuri.

“Weka juu kidogo, Mama Jado. Upepo hauipati pale.”

“Upepo unaipata. Wewe ulipanda mutama karibu karibu kama watu mu soko. Mwaka ujao utaacha nafasi.”

“Ni shamba yangu.”

“Ni kamba yangu. Shika huku.”

Alishika. Kutoka juu Kampire aliita kwamba chakula kiko tayari, nao wasikiache kipoe.

“Wewe kula!” Mukabaranga alimjibu, sauti ikivuka bonde. “Sisi bado! Huyu papa hajui kufunga!”