Stauti ya Mzazi

Mimi ni mtu wa Kivuli na sitabadilika. Nalisema mapema, maana hapa Voi kuna watu wa Garimoshi ambao wakipewa nafasi ya kusimulia habari hii wataiharibu.

Baa ilikuwa nyuma ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na mwenyewe aliitwa Hannah Nduku, ingawa sote tulimwita Mama Mbula kwa jina la bintiye. Mambo yake yalikwenda vizuri mpaka mwaka wa sabini na tatu, Philemon Kimeu alipofungua baa ng'ambo ya barabara na kuleta friji ya mafuta ya taa. Anayeijua Voi mwezi wa pili hahitaji kuelezwa friji ni nini. Watu wa bia ya kawaida walivuka barabara bila aibu, mmoja wao akiwa bado na glasi ya Mama Mbula mkononi. Tuliobaki ni sisi wanywaji wa stauti, ile bia nyeusi, kwa sababu sisi tuliizoea moto, yaani jinsi inavyotoka kwenye kreti.

Tulikuwa wachache, tena wanywaji wa polepole. Mama Mbula alituangalia, akaziangalia kreti zake, akaona kwamba akikaa hivyo hivyo atarudi Makueni kuishi kwa kaka yake, na wifi yake wa huko alikuwa mtu wa kuhesabu vipande vya nyama sufuriani. Jumatatu iliyofuata tulikuta stauti imekuwa ya aina nne.

Kwanza kulikuwa na Garimoshi. Hiyo iliuzwa siku ile ile iliyoshuka stesheni, ikiwa bado imevurugika, na ukiifungua nusu yake inaishia mezani. Mama Mbula alisema inaamsha damu ya watu wanaokaa kitako kutwa. Kivuli ililazwa wiki nzima kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji mpaka ikatulia, nayo ni ya watu wenye mawazo. Mimi ni karani wa tiketi, nina mawazo. Dirishani ilikaa juani, kwa ajili ya watu walioshuka kutoka Wundanyi na baridi yao mifupani. Ya nne aliiita ya Mzazi, na hiyo hatukuwahi kuionja kwa sababu haikuwa ya wanaume. Aliipeleka mwenyewe kwenye nyumba iliyopata mtoto, ndani ya birika lililofunikwa kitambaa.

Chupa zilikuwa za kiwanda kimoja, karatasi ile ile, kifuniko kile kile. Hilo nalijua, si mjinga. Lakini mtu akikuuliza kwanza unalalia upande gani, na jana uliota nini, kisha akaingia ndani akarudi na chupa moja na kukuambia hii ndiyo yako, utasikia tofauti. Sote tuliisikia. Ndulu, fundi wa reli na rafiki yangu wa miaka mingi, alipatikana kuwa mtu wa Garimoshi, tukaacha kusalimiana. Watu wakaanza kurudi kutoka kwa Kimeu, friji au si friji, kuja kujua wao ni wa aina gani.

Wivu ukamkaba Kimeu. Siku moja alikuja akasimama mlangoni.

"Mama Mbula, stauti ni kinywaji cha Ailandi," akasema. "Na Mwairishi tunaye, yule mhandisi wa bomba la maji. Jumamosi namleta hapa. Akisema ni aina moja, utafanya nini?"

Mama Mbula alikuwa na hasira za karibu. "Nitafunga huu mlango nirudi Makueni," akasema, na lilipomtoka tu nikaona uso wake umemkumbuka wifi. "Na akisema ziko?"

"Nitakuja kwako niseme mbele ya watu kwamba ziko."

Jumamosi mchana hapakuwa na pa kukanyaga. Mhandisi, Bwana Fintani, alikuwa mtu mrefu aliyeiva kwa jua mpaka masikioni, na Kiswahili chake alikipata kwa wachimba mtaro. Kimeu alimkalisha katikati, akamwomba atuambie kuhusu stauti za kwao. Bwana Fintani akachangamka. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Iko mingi sana," akasema. "Iko ya Dublin, kavu. Iko ya Cork, laini kidogo. Iko ingine natia sukari ya maziwa. Iko ingine natia ile nafaka ya uji. Na ingine natia chaza, ile dudu ya bahari nakaa ndani ya kombe."

Tulitazamana, hata mimi na Ndulu. Garimoshi na Kivuli ni vitu ambavyo mtu mwenye akili anavielewa, lakini uji? Ndulu akamuuliza, kwa upole wa kuzungumza na mgonjwa, kama kuna pia ya ugali. Hapo tulicheka mpaka benchi likaanguka, na yule bwana akabaki anaapa kwamba chaza ni kweli. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, mwenye kazi nzuri.

Kimeu hakucheka. "Wacha za Ailandi," akasema. "Hapa ndani ziko ngapi?"

Bwana Fintani alitazama rafuni. "Hapa moja tu. Ile kali, ya kusafirisha mbali."

"Hujaonja," akasema Mama Mbula.

Akamletea Garimoshi. Bwana Fintani akafuta povu kwenye shati, akasema ni ile ile, imetikiswa tu. Akamletea Dirishani. Ile ile, imeharibiwa na jua. Akamletea Kivuli, na mimi nikashika meza kwa mikono miwili. Ile ile. Sikutaka kumsikia tena mtu huyo. Kimeu tayari alikuwa anaupima mlango kwa macho, kama anayetafuta kufuli ya kuutosha.

Mama Mbula aliingia jikoni, akakawia. Kupitia mlangoni nilimwona akimimina chupa kwenye sufuria juu ya makaa, akitia sukari, akikoroga taratibu. Nikaumia kwa ajili yake. Alitoka na kikombe cha bati.

"Hii nilipewa na mama mkwe siku nilipomzaa Mbula," akasema. "Haipewi mwanaume. Ni leo tu."

Bwana Fintani akanywa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa tena, halafu akakaa tu anakitazama. Tulidhani ameungua.

"Mama yangu," akasema mwishowe. "Kila mara yeye nazaa, mkunga naweka chupa karibu na moto. Natia sukari. Sisi watoto napewa povu." Akapangusa macho bila kujificha. "Hii mimi najua. Hii ni ingine."

"Lakini chupa ni ile ile," akasema Kimeu.

"Chupa ndiyo. Hii ni ingine." Kisha akaivuta glasi ya Kivuli, akasema labda alifanya haraka, akaimaliza yote. Ni mtu mwema sana, yule.

Tulipogeuka, Kimeu alikuwa ameshaondoka, na neno aliloahidi hakulisema.

Tangu siku hiyo Bwana Fintani alikuja kila Jumamosi akiomba ya Mzazi. Mama Mbula alimuuliza, "Umezaa?" naye alijibu bado, akapewa Kivuli.

Mwezi wa tano, mke wa Kimeu, Syokau, alijifungua mtoto wa kike. Mchana wa siku hiyo tulimwona Kimeu akivuka barabara na birika tupu mkononi. Aliingia, akasimama mbele ya kaunta, nasi tukakaa vizuri.

"Naomba ile ya Mzazi," akasema.

Mama Mbula aliendelea kupangusa glasi. "Mimi si nina aina moja tu, Bwana Kimeu?"

Kimeu alitazama chini, akatutazama sisi, akatazama tena chini.

"Ziko," akasema.

"Ngapi?"

"Nne, Mama Mbula."

Mama Mbula akainama chini ya kaunta na kutoa birika lake, limefungwa kitambaa na tayari linatoa mvuke.

"Nimeipasha tangu asubuhi, niliposikia," akasema. "Ulikuwa wapi? Mpelekee kabla haijapoa. Na usiionje njiani, si yako."